Nani ataandika dawa ya pombe Kasongo na Kabambare?

Mgonjwa wa pombe haji hospitalini kusema anaumwa pombe. Anakuja na tumbo linalowaka, na jeraha la pikipiki, na usingizi uliopotea. Au analetwa alfajiri na ndugu zake, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anaona ukutani wadudu ambao wengine hawawaoni. Kwenye daftari la mapokezi huandikwa gastriti, ajali, malaria. Anatundikiwa maji ya glukosi, anapewa dawa ya malaria, na siku mbili tatu baadaye anarudi nyumbani na kwenye chupa ileile. Ugonjwa wenyewe haukutajwa, basi haukutibiwa.

Hayo hutokea Nairobi na Dar es Salaam, na Kasongo na Kabambare pia. Lakini Nairobi familia ikishaamua kutafuta msaada, ipo hospitali ya Mathari, na wapo madaktari wa akili wenye kliniki zao. Kusini mwa Maniema, mkoa wa Kongo wenye Kasongo na Kabambare, familia inakwama kwenye swali la kwanza kabisa: tumpeleke kwa nani? Programu ya taifa ya afya ya akili, PNSM, na ile ya kupambana na uraibu, PNLCT, zote zina makao Kinshasa. Hospitali za akili zinazojulikana nchini ni chache: CNPP ya Kinshasa, kituo cha Dr Joseph Guislain Lubumbashi, SOSAME Bukavu, Tulizo Letu Goma. Hizi tatu za mwisho ni matunda ya Mabradha wa Upendo, shirika la watawa wa Kikatoliki. Bukavu, iliyo karibu kuliko zote, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasongo hata ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, na barabara haijui mstari huo. Tena tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari iliyofuata, safari ya kumpeleka mgonjwa huko imekuwa ngumu na ya hatari.

Kwa hiyo anayengoja bingwa wa uraibu afike Kasongo atangoja sana, na wakati anangoja watu wanakufa. Daktari anayetafutwa yupo tayari. Ni yule daktari wa kawaida wa hospitali kuu ya zoni ya afya, pamoja na muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ambaye wenyeji wanamwita tituleri. Wanachokosa ni mafunzo ya siku chache, dawa mbili tatu kwenye rafu, na utayari wa kumwona mlevi kuwa mgonjwa kama wengine. Kila kimoja kati ya hivyo kina ugumu wake.

Dawa zenyewe si ngeni duniani. Kongwe kati yao ni disulfiramu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, waligundua kwamba mtu aliyeimeza akigusa pombe uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika. Nguvu yake ni hofu: aliyeimeza asubuhi anajua kwamba mchana hawezi kunywa. Naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa tiba ya pombe mwaka 1994, haimtishi mtu. Inaziba mahali pa ubongo panapopokea ile raha ya kunywa, hata glasi ya tatu haiiti ya nne kwa nguvu kama zamani. Akamprosati ilianza kutumika Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hiyo inamsaidia aliyekwisha kuacha, kwa kutuliza ubongo uliozoea pombe na sasa unaidai.

Zinasaidia kiasi gani? Novemba 2023 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 118 yenye washiriki karibu 21,000. Ulionyesha kwamba ukiwapa akamprosati watu 11, mmoja ambaye angerudia pombe harudii. Ukiwapa naltreksoni ya miligramu 50 kwa siku watu 11, mmoja ambaye angerudi kwenye ulevi mkubwa harudi. Asiyezoea hesabu za tiba ataona hicho ni kidogo. Daktari anajua kwamba dawa nyingi za presha anazoziandika kila siku kwa moyo mkunjufu zinahitaji kupewa watu wengi zaidi ili kumwokoa mmoja. Ni dawa za kweli zenye msaada wa kweli, ila hazifanyi miujiza, na anayeziuza kama muujiza anawadanganya watu walioumia vya kutosha.

Julai 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliziingiza naltreksoni na akamprosati katika Orodha yake ya Dawa Muhimu kwa ajili ya ugonjwa wa pombe. Habari hiyo ilipita kimya, lakini kwa mahali kama Maniema ina uzito mkubwa, kwa kuwa orodha za taifa hurekebishwa kwa kutazama orodha ya WHO, na wafadhili wananunua kilichomo humo. Daktari wa Kasongo anayeomba naltreksoni leo haombi anasa ya Ulaya. Anaomba kitu kilichowekwa na WHO kundi moja na amoksisilini na insulini.

Tena asidhani kwamba wenzake wa nchi tajiri wamemtangulia mbali. Marekani kwenyewe, mwaka 2019, katika kila watu 100 wenye ugonjwa wa pombe hata 2 hawakupewa dawa hizi. Madaktari walikuwepo kwa maelfu na maduka ya dawa kila kona, bado wagonjwa walihangaika kumpata daktari mmoja wa kukubali.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha daktari aliyeugua mwenyewe. Olivier Ameisen, Mfaransa bingwa wa moyo aliyefundisha katika chuo cha tiba cha Cornell, New York, alijaribu tiba zote zilizokuwapo akashindwa kuacha pombe. Mwaka 2004 alijitibu kwa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, kwa dozi kubwa ambayo hakuna mwenzake aliyethubutu kumwandikia. Akaandika habari zake katika jarida la kitaalamu, kisha mwaka 2008 katika kitabu chenye jina Le dernier verre. Kitabu hicho kiliwafanya wagonjwa wengi wa Ufaransa wazunguke na vyeti mkononi wakitafuta daktari atakayekubali. Serikali ilitoa ruhusa ya muda mwaka 2014, na Oktoba 2018 ikaidhinisha dawa hiyo rasmi, kwa kikomo cha miligramu 80 kwa siku. Ameisen alikufa mwaka 2013, kabla ya kuona hayo. Madaktari wa Kongo wanasoma Kifaransa na mjadala huo uko wazi kwao. Wajue tu kwamba baklofeni ikichanganywa na pombe nyingi au ikiachwa ghafla ina hatari zake, na kwamba ushahidi wake haujawa imara kama wa naltreksoni na akamprosati.

Kabla ya dawa yoyote kati ya hizo kuna hatua inayoua watu kwa kutojulikana, nayo ni kuacha ghafla. Mtu aliyekunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, kila siku kwa miaka akifungiwa ndani na familia yake kwa nia njema, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi wanachanganyikiwa, joto linapanda, wanapiga kelele na kupigana na vitu visivyoonekana. Asiyejua atasema ni malaria ya kichwa. Mwingine atasema amerogwa, naye atapelekwa kwenye chumba cha maombi au kwa mganga wa miti, akiwa amefungwa kamba. Hali hiyo huua wasiotibiwa, na dawa yake imo tayari katika hospitali kubwa yoyote ya zoni: diazepamu, inayotolewa kwa dozi ya kutosha kisha kupunguzwa siku hadi siku kwa muda wa wiki moja hivi.

Hapo pia ndipo penye lile kosa la maji ya glukosi. Mnywaji wa muda mrefu hula kidogo, na mwili wake huishiwa vitamini B1, yaani thiamine. Akipewa sukari mshipani kabla ya thiamine, ubongo unaweza kuumia na asirudi kuwa kama alivyokuwa: kumbukumbu inapotea, miguu inakosa mizani, macho yanacheza. Thiamine kwanza, ndipo glukosi. Ni dawa ya bei ndogo, na mpangilio huo unaweza kufundishwa wauguzi wote wa zoni kwa asubuhi moja. Kama kuna jambo moja katika makala hii ambalo daktari mkuu wa zoni angelitekeleza kesho bila kungoja mfadhili, ni hilo.

Kwa nini basi daktari anakataa, au anamwambia mgonjwa kaache pombe kisha urudi? Wengi hawakufundishwa. Katika miaka ya chuo cha udaktari saikiatria ni kozi fupi, na ndani yake pombe hupata saa chache. Anayemaliza masomo anajua kukata tumbo kwa ajili ya mtoto aliyekwama, na hilo ni jambo kubwa, lakini hajawahi kumwona mwalimu wake akiandika disulfiramu. Wengine wanaogopa dawa wasiyoijua, na woga huo ni wa haki, kwa maana makosa yanawezekana. Disulfiramu haipewi mwenye ini lililoharibika, wala mwenye moyo mbovu, wala mwenye kichaa, wala mjamzito. Haichanganywi na metronidazoli, ile Flagyl iliyomo karibu kila nyumba, maana mchanganyiko huo unaweza kumtia mtu wazimu. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi naye awekwe kando. Naltreksoni haipewi anayetumia tramadoli au dawa nyingine ya maumivu ya jamii ya mofini. Kwa wachimbaji wa dhahabu wanaomeza tramadoli ili kustahimili kazi, hilo si swali la kusahau kuuliza. Akamprosati haipiti kwenye ini, kwa hiyo inawafaa wengi wenye ini bovu, lakini inatolewa na figo, na figo zikishindwa kabisa haifai.

Orodha hiyo ya makatazo inatosha ukurasa mmoja wa karatasi ukutani. Muuguzi anayekumbuka ni dawa gani ya malaria asimpe mjamzito wa miezi miwili anaweza kuikumbuka na hiyo.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi katika mikutano. Madaktari na wauguzi ni watoto wa jamii yao, na jamii inamwona mlevi kuwa amejitakia. Kasongo ni mji wenye historia ndefu ya Uislamu, tangu enzi za Tippu Tip katika karne ya 19, na Maniema inahesabiwa kuwa mkoa wenye Waislamu wengi kuliko mikoa mingine ya Kongo. Ni makao ya dayosisi ya Kikatoliki pia, na makanisa ya uamsho hayakosekani. Katika nyumba ya Kiislamu mnywaji hunywa kwa siri na familia humficha kwa aibu, hata siku anapofikishwa hospitalini ini limekwisha kuvimba. Katika nyumba ya mlokole huombewa mwezi mzima kabla ya mtu kuuliza dawa. Imani inaweza kumshika mtu mkono kweli, na wapo walioacha kwa nguvu ya sala peke yake. Lakini sheikh au padri anayemwambia muumini wake nenda kwa muganga, yaani daktari wa hospitali, kisha rudi msikitini au kanisani, amemfungulia milango miwili badala ya mmoja. Hakuna daktari wa zoni anayeweza kuifanya kazi hiyo badala yake.

Na pombe yenyewe iko mlangoni. Malafu ya mchikichi hunywewa asubuhi yakiwa bado matamu. Lotoko huchemshwa nyuma ya nyumba: mahindi na muhogo vilivyochachishwa ndani ya pipa juu ya moto, bomba linapita katika maji baridi, na tone baada ya tone likijaza chupa. Kiasi cha kilevi ndani yake hakipimwi na mtu. Wanaoipika wengi ni akina mama, na fedha yake hulipa ada za shule na chumvi ya nyumba. Sheria imejaribu tangu zamani. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliotungwa kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa iliyopita katika miji kama Kasongo, ulikuwa na sura nzima ya kuzuia vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Miaka zaidi ya 130 imepita na mapipa bado yanachemka. Polisi wanaovunja mapipa hawajawahi kumponya mnywaji hata mmoja.

Ndiyo maana inafaa kuikumbuka Kasongo nyingine, ile iliyowahi kuufundisha ulimwengu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha hapo Mradi wa Kasongo pamoja na madaktari na wauguzi wa Zaire, Kongo ya wakati ule. Wazo lake lilikuwa la kijasiri kwa wakati ule: mgonjwa wa kijijini asisafiri hadi hospitali kwa kila jambo. Akutane kwanza na muuguzi wa kituo kilicho karibu, aliyefundishwa na kukaguliwa, mwenye michoro ya hatua kwa hatua inayomwongoza toka dalili hadi dawa, na hospitali ibaki kwa yale yanayomshinda. Mwaka 1981 timu hiyo ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti wake kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto, unaotajwa mpaka leo. Mfumo wa zoni za afya ambao Kongo nzima inautumia sasa, wenye zoni zaidi ya 500, ulijengwa kwa fikra za aina hiyo, na Kasongo ilikuwa mojawapo ya mashamba ya majaribio.

Pombe haikuwa katika michoro ile. Leo inaweza kuwamo. WHO ilianzisha mwaka 2008 mpango wa mhGAP kwa ajili hii hasa: kumwezesha muuguzi na daktari asiye bingwa kutibu magonjwa ya akili na uraibu, kwa mwongozo ulioandikwa kama michoro ya Kasongo. Ndani yake mna diazepamu na thiamine kwa anayeacha, na akamprosati, disulfiramu na naltreksoni kwa kuzuia asirudie. Kongo yenyewe imekwisha kuthibitisha kwamba njia hiyo inapitika: huko Lubero, Kivu ya Kaskazini, kati ya 2011 na 2015, huduma za afya ya akili ziliingizwa katika vituo vya kawaida vya zoni, na wagonjwa walikuja.

Nje ya Kongo mifano ipo pia. Eldoret, Kenya, zaidi ya wagonjwa 600 wa VVU wanaokunywa pombe walishiriki katika jaribio ambapo washauri wasio madaktari waliwafundisha kwa vikundi, kwa Kiswahili, namna ya kukwepa pombe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 na yalionyesha kupungua kwa unywaji. Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, wauguzi wamejaribu mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, wakizungumza kwa muda mfupi na majeruhi kitandani, pale pale ambapo jeraha lenyewe linamkumbusha mtu alichokunywa. Dawa na maneno huenda pamoja. Kidonge bila mtu wa kumuuliza mgonjwa amelalaje wiki hii huishia kwenye mfuko wa koti.

Kabambare ni sura nyingine, nzito zaidi. Barabara inayotoka Kasongo kuelekea huko na Fizi huwa matope msimu wa mvua, na makundi yenye silaha ya Mai-Mai yamekaa katika misitu yake kwa miaka. Salamabila, kwenye wilaya hiyo, kuna dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro ilianza kuzalisha kibiashara mwaka 2016, ikasimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya mashambulizi. Wachimbaji wadogo walibaki, pamoja na pesa ya leo inayoliwa leo, vijana waliotoka mbali bila mke wala mama wa kuwauliza, na maduka ya vinywaji kando ya mashimo. Walibaki pia waliobakwa na waliowaona ndugu zao wakiuawa, ambao baadhi wanakunywa ili walale. Médecins Sans Frontières walihudumia huko walionusurika ukatili wa kingono. Kazi ya namna hiyo ingekuwa mlango mzuri wa kuuliza pombe pia, kwa sababu jeraha la moyoni na chupa mara nyingi vinakaa ndani ya mtu mmoja. Kumtibu pombe peke yake mtu anayeota bunduki kila usiku ni kumtibu nusu.

Katika mazingira kama hayo, ni dawa gani inafaa? Hapa hukumu ya mwandishi ni kwamba naltreksoni ndiyo ya kuanza nayo. Kidonge kimoja kwa siku, miligramu 50, vidonge 30 kwa mwezi: mchimbaji anaweza kuvibeba. Akamprosati inataka vidonge viwili mara tatu kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Hospitali ya mji inaweza kumfuatilia mtu wa namna hiyo, mgodini ni vigumu. Tena naltreksoni haimdai mtu awe amekwisha kuacha kabisa. Mtafiti Mmarekani John David Sinclair, aliyefanya kazi Finland, alipendekeza imezwe saa moja kabla ya kunywa, ili ubongo ujifunze taratibu kwamba pombe haileti tena raha ile. Si madaktari wote wanaokubaliana naye, lakini kwa asiyeweza kuacha leo hiyo ni ngazi ya kwanza, na dawa iliyopangwa kwa watu wasiokunywa tu haitamfikia. Disulfiramu ibaki kwa wachache: waliokwisha kuacha, wanaoitaka wenyewe, na wenye mtu nyumbani wa kuwaona wakimeza kila asubuhi. Na mtu asitiliwe disulfiramu kwenye ugali kwa siri. Wake na mama waliochoka hushawishika kufanya hivyo, na wauzaji wa mitaani huwauzia unga wa kuacha pombe wakiwaambia mume hatajua. Siku mume atakunywa chupa nzima, moyo unaweza kusimama.

Kumtambua daktari wa kutegemewa si kazi ngumu sana ukijua cha kutazama. Haanzi kwa kuhubiri. Atauliza unakunywa nini, kiasi gani, mara ngapi kwa wiki, umewahi kutetemeka au kupata degedege ulipoacha, unameza dawa gani nyingine. Huenda atatumia dodoso la WHO liitwalo AUDIT, lenye maswali kumi. Mfano wa mazungumzo yenyewe ni huu.

«Papa, jana ulikunywa?»

«Kidogo, dokta.»

«Kidogo ni chupa ngapi? Sitakugombeza. Nataka kujua nikupe dozi gani.»

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tofauti yote. Mgonjwa anayegombezwa hupunguza hesabu, na daktari aliyepewa hesabu ya uongo hutoa diazepamu pungufu, halafu degedege inakuja usiku. Daktari mzuri atapima macho na ini, na kama maabara inaweza, atapima vimeng'enya vyake. Atamwita mke au kaka kwa idhini ya mgonjwa. Atampangia siku ya kurudi baada ya wiki moja badala ya mwezi. Na mgonjwa akirudi amekunywa tena, hamfukuzi, kama asivyomfukuza mwenye kisukari ambaye sukari imepanda. Kama wa hospitali kuu hayuko hivyo, tituleri wa kituo cha jirani anaweza kuwa hivyo. Wapo wauguzi wa vijijini wenye subira kuliko madaktari wao, na wagonjwa wanawajua kwa majina.

Kufuatilia mgonjwa kwa miezi si jambo geni kusini mwa Maniema. Wa kifua kikuu humeza dawa miezi sita huku mtu akimtazama. Wa VVU hurudi maisha yote. Ugonjwa wa malale, uliotesa mkoa huu kwa vizazi, sasa una feksinidazoli, vidonge vya siku 10 ambavyo wengi huvimeza karibu na kwao badala ya kuchomwa sindano hospitalini. Wahamasishaji wa jamii, wale RECO, wanajua nyumba za watu wao. Miezi sita ya naltreksoni inaweza kupita katika mikono hiyohiyo.

Linalobaki ni rafu ya dawa. Ugavi wa Kongo unapitia maghala ya mikoa yaliyoungana katika shirikisho la FEDECAME, kama ASRAMES ya Goma na DCMP ya Bukavu, na vita vya 2025 vimeikata njia hiyo ya mashariki. Kasongo inaweza kugeukia kusini, kwa reli ya Kongolo na Lubumbashi, au kaskazini hadi Kindu, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Ghala haliagizi lisichoombwa, na hospitali haiombi isichokijua; mduara huo unaweza kukatwa na mtu mmoja mwenye kalamu ya oda. Hataza za naltreksoni, akamprosati na disulfiramu zimekwisha muda mrefu, na viwanda vya India vinazitengeneza kwa majina ya kawaida.

Basi kwa familia: msimfungie ndani wala msimnyime ghafla, mpelekeni kwa muganga, na neno pombe litajwe kabla ya tumbo. Kwa muganga: thiamine kabla ya glukosi, diazepamu bila kuogopa, na uliza tramadoli. Kwa daktari mkuu wa zoni ya Kasongo na mwenzake wa Kabambare: andikeni naltreksoni katika oda ijayo, kwa wagonjwa kumi tu wa kwanza. Kwa mwezi mzima hao kumi wanahitaji vidonge 300, navyo vinaingia katika mkoba mmoja wa pikipiki.